Kikundi cha wanawake waliodhulumiwa Kisumu: mwanamke transjenda apokewe au asipokewe?

#1 Nyar_Nyalenda (Kisumu)
Hamjambo wadau. Naomba mawazo yenu. Matusi hapana.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama upande wa Nyalenda. Sote tumepitia dhuluma: kuna waliopigwa, waliochomwa, waliobakwa, wengi na waume au wapenzi wao wenyewe. Tunakutana Jumamosi alasiri kwenye chumba tulichoazimwa na kanisa. Tunafunga mlango kwa komeo, simu zote zinaingia kwenye ndoo, kisha anayetaka kusema anasema. Siku nyingine ni kulia tu. Tuna na chama kidogo: kila mtu anatoa mia mbili, mwenye dharura anakopeshwa.

Jumamosi iliyopita mwenzetu mmoja alikuja na jirani yake. Huyo jirani ni transjenda. Alizaliwa akaitwa mvulana, anaishi kama mwanamke tangu alipomaliza shule. Mpenzi wake amemvunja mkono. Alienda kuripoti, huko alikoenda wakamcheka. Alisimama mlangoni na leso begani, plasta hadi juu ya kiwiko, akasema "hamjambo mama zangu." Sauti yake ni nzito. Mwenzetu mwingine, ambaye alibakwa na watu watatu, aliposikia ile sauti aliinuka akabandika mgongo ukutani, mkoba kifuani, hakuketi tena mpaka mgeni alipotoka. Hakuna aliyemtukana mtu. Mwenyekiti alimwomba mgeni asubiri nje kwenye benchi, naye akasubiri. Tulibishana mpaka jioni, tukampa nauli, akaenda.

Jumamosi hii tunapiga kura. Mimi ni mfeministi na silifichi hilo. Nilikuwa barabarani Januari 2024 tulipoandamana kupinga mauaji ya wanawake. Lakini hapa naona wanawake wawili walioumizwa na mlango mmoja. Mnasemaje?

#2 Mkulima_Molo
Poleni dada. Ila sioni cha kupigiwa kura. Aliyezaliwa mwanamume ni mwanamume. Msaidieni, mpelekeni hospitali, lakini chumba ni cha akina mama. Haya mambo yameletwa na wazungu.

#3 BintiBondeni (Nakuru)
@Mkulima_Molo huyu hakuletwa na mzungu, aliletwa na jirani yake, mkono umevunjika. Amepigwa na mwanamume aliyekuwa akimpenda, akaenda kulia kwa wenye mamlaka wakamcheka. Ni nani humu ambaye hajasikia mwanamke akisimulia hivyo hivyo? Unataka aende wapi, kwa kikundi cha wanaume? Kipo?

Mimi nasema apokewe. Na tusidanganyane kwamba kutetea wanawake ni kitu cha kuazima. Kisumu hiyo hiyo ndiyo ilimfanya Grace Onyango kuwa meya mwanamke wa kwanza miaka ya sitini, kisha 1969 ikampeleka Bungeni, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Kenya. Wakati huo pia kulikuwa na watu wanaosema kiti hicho si chake.

#4 Mama_Kanduyi (Bungoma)
BintiBondeni mwanangu, taratibu. Grace Onyango alikuwa mwanamke anayeomba kiti cha wanaume. Hapa tunazungumza kiti cha wanawake. Si jambo moja.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulisema asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wameumizwa mwilini tangu wafike miaka 15. Kwetu Bungoma ilikuwa asilimia 62, juu kuliko kaunti zote. Mimi nimo humo. Katika ndoa yangu hakukuwa na mlango hata mmoja ambao mimi ningeweza kuufunga na ukabaki umefungwa. Chooni alinifuata. Jikoni alinifuata. Nilipotoka, kikundi kama hicho cha dada hapo juu ndicho kilinipa chumba cha kwanza ambacho nilijua hakuna mwanamume ataingia. Siku moja fundi alikuwa dirishani anatengeneza bawaba, na nikashindwa kumaliza sentensi. Fundi hakunifanyia lolote, alikuwa kijana mpole sana. Mwili wangu haukungoja kumjua.

Simchukii huyo mgeni. Namhurumia kwa moyo wote. Lakini yule aliyebandika mgongo ukutani hakuchagua kuogopa, na mkimwambia ajifunze kuvumilia mtakuwa mmerudia yale aliyoambiwa nyumbani. Vumilia, vumilia. Amevumilia vya kutosha.

#5 Omosh_Kondele
Mnapoteza muda. Mahakama ya Juu ilishahalalisha haya mambo yote 2023. Mkimkataa atawashtaki.

#6 Wakili_Milimani (Kisumu)
@Omosh_Kondele si kweli, na naona likirudiwa kila mahali. Hukumu ya Februari 2023 ilihusu kitu kimoja: kama shirika la kutetea mashoga na wasagaji linaweza kunyimwa usajili kwa sababu ya jina lake. Majaji watatu dhidi ya wawili walisema kulinyima ni ubaguzi. Peter Kaluma, mbunge wa Homa Bay Mjini, akaomba iangaliwe upya, Septemba mwaka huo ombi likatupwa. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoadhibu ngono ya jinsia moja, viko pale pale. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Na kesi hiyo haikuwa ya transjenda hata kidogo.

Za transjenda ni nyingine. Mwaka 2014 Audrey Mbugua alishinda Baraza la Mitihani: Mahakama Kuu iliamuru apewe cheti cha KCSE chenye jina lake jipya na kisichoonyesha jinsia. Halafu Agosti 2025 ikaja ya Eldoret, mbele ya Jaji Reuben Nyakundi. Mwanamke transjenda alikamatwa 2019, akapekuliwa mwili na kulazimishwa vipimo vya kuthibitisha jinsia. Mahakama ilisema utu wake na faragha yake vilivunjwa, ikampa fidia ya shilingi milioni moja, na ikaitaka serikali itunge sheria ya kuwalinda transjenda au iingize ulinzi huo kwenye mswada wa watu huntha.

Kwa hiyo tuna mahakama zinazosema huyu mtu ana utu na asidhalilishwe. Hatuna sheria ya Kenya inayosema kikundi cha wanawake wa Nyalenda lazima kimpokee au lazima kimkatae.

#7 BintiBondeni (Nakuru)
Kwa hiyo Audrey alibadilishiwa jinsia kwenye karatasi. Basi ni mwanamke mbele ya sheria.

#8 Wakili_Milimani (Kisumu)
Hapana. Soma tena nilichoandika. Alama ya jinsia iliondolewa, haikugeuzwa. Mahakama ilisema cheti cha mtihani hakihitaji kuonyesha jinsia. Ni hukumu yenye akili sana kwa maoni yangu, lakini haikusema hilo unalotaka iseme.

#9 Mwalimu_Lurambi (Kakamega)
Salamu kwenu. Nashangaa mnavyosema haya ni mageni. Wanandi, Wakipsigis, Wakuria, Abagusii wote wana ndoa ya mwanamke kuoa mwanamke. Yule anayeoa anahesabiwa mume. Kumbe babu zetu walikuwa na nafasi ya mtu kuvuka kutoka jinsia moja hadi nyingine bila kelele hizi.

#10 Chebet_Kapsabet
Mwalimu, heshima zako, lakini bibi yangu alikuwa mume wa aina hiyo, ngoja nikueleze. Alioa kwa sababu hakuzaa mtoto wa kiume na mali ya nyumba yake ingekosa mrithi. Alilipa mahari, watoto wa mke wake wakaitwa wake, mambo ya nyumba yake aliyaamua kama wazee. Mkewe alipata watoto na mwanamume mwingine. Kati yao hapakuwa na mapenzi ya mwili na hakuna aliyefikiri hivyo. Bibi hakusema moyoni yeye ni mwanamume. Nyumba ilihitaji mume, naye akawa mume wa nyumba.

Hata mahakamani ilifika: 2011 kule Mombasa, Jaji Ojwang alikubali kwamba mke wa ndoa ya aina hiyo ya Kinandi na watoto wake wanaweza kurithi. Suala lilikuwa mali. Usimchukue bibi yangu ukamweka kwenye bango la transjenda.

#11 Mwalimu_Lurambi (Kakamega)
Chebet binti yangu, nimekusikia. Bado umenipa hoja. Jamii ilimtazama mtu mwenye mwili wa kike, ikasema: kuanzia leo huyu ni mume, mwiteni hivyo, mpeni heshima hiyo. Iwe kwa sababu ya shamba au kwa sababu ya moyo, walijua jina la jinsia linaweza kutolewa na watu, si mwili peke yake.

#12 Chebet_Kapsabet
Walijua pia kwamba mwanamke ndiye aliyelazimika kuwa mume ili asidharauliwe. Hilo ndilo mimi naona. Ukitaka mali, acha kuwa mwanamke. Hapo hakuna uhuru wa kuimbia.

#13 Kibet_wa_Iten
Chebet umenena. 🙌

#14 Omosh_Kondele
Mimi nauliza, mbona kwa riadha wameshaamua? Semenya, yule mkimbiaji wa Afrika Kusini, ni transjenda wakamfukuza. Kama huko wameona si haki kwa wanawake, kwa nini Nyalenda iwe tofauti?

#15 Kibet_wa_Iten
Omosh kila uzi lazima uishie uwanjani 😄 Lakini hapa umekosea na nitakusahihisha kwa sababu inatugusa.

Caster Semenya si transjenda. Alizaliwa akaitwa msichana, akalelewa msichana, hakubadili chochote. Mwili wake una tofauti ya kimaumbile inayofanya testosteroni iwe juu. Kenya tunao wetu: Margaret Wambui, shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Rio 2016 nyuma ya Semenya na Niyonsaba wa Burundi. Sheria za testosteroni zilipokuja kwa mbio za kuanzia 400 hadi maili moja, wote watatu walizuiwa kwenye 800 mpaka wapunguze homoni kwa dawa. Dada yetu Maximila Imali naye alikumbwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mwanamume jana.

Transjenda ni uamuzi mwingine. Machi 2023 Shirikisho la Riadha la Dunia lilisema mwanamke transjenda aliyepitia balehe ya kiume hatashindana kwa wanawake. Kisha kuanzia Septemba 1, 2025, kila mwanamke anayetaka kukimbia mashindano ya dunia lazima apimwe jeni ya SRY, ile ya kuonyesha kama ana kromosomu Y ya kiume, mara moja maishani, kwa ute wa shavuni au damu. Huku Iten wasichana walipimwa kabla ya mashindano ya dunia ya Tokyo. Nimekaa na mmoja wao akisubiri majibu. Hana shaka yoyote juu yake, wala mimi, lakini alikuwa anatetemeka mguu. Sheria imewekwa kumlinda, na ni yeye anayefunguliwa mdomo.

#16 Mama_Kanduyi (Bungoma)
Uwanjani kuna medali na pesa. Chumbani kuna machozi. Tusipime kwa kipimo kimoja.

#17 Muuguzi_Naks (Nakuru)
Asante Kibet. Na mimi niongeze jambo kwa sababu naona watu wanachanganya. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoingia wazi kwenye kike au kiume. Sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, 1,524, na sisi wa hospitali tunaamini wengi walifichwa. Transjenda kwa kawaida maumbile yake ya kuzaliwa ni ya kike au ya kiume bila utata, lakini anajijua tofauti. Mahitaji yao si sawa. Wanaposemwa kwa pumzi moja, kila mmoja anapoteza kitu.

Nimefanya kazi wodi ya majeraha miaka mingi. Mwanamke transjenda akiletwa usiku amepigwa, swali la kwanza linaloulizwa kwa sauti, mbele ya wagonjwa wote, ni "huyu tumlaze wapi?" Nimeona mtu analazwa kwenye machela koridoni mpaka asubuhi kwa sababu hakuna aliyetaka kuamua. Nimeona pia, hii niiseme wazi, mama aliyetoka kujifungua akiomba ahamishwe kwa sababu ameogopa. Wote wawili nilikuwa nawapima presha mimi. Hofu ya mmoja haikuwa uongo kwa sababu aibu ya mwingine ilikuwa kweli.

#18 Mkulima_Molo
Na mkaamua nini?

#19 Muuguzi_Naks (Nakuru)
Tuliweka pazia na kitanda karibu na meza ya wauguzi. Usiku huo. Hakuna aliyeandika sera.

#20 Atieno_wa_Dunga
Nimekuwa nikisoma kimya tangu #1. Mimi ni transjenda, niko Kisumu, si yule wa Nyalenda. Naandika mara hii kisha natoka maana najua inbox itajaa.

Mnauliza tutaenda wapi. Nitawaambia tunakoenda. Choo cha sokoni cha wanaume nikiingia naweza kupigwa, cha wanawake nikiingia naweza kuitiwa umati, kwa hiyo nikienda Kibuye sinywi maji tangu asubuhi. Kitambulisho changu kina jina moja, uso una jingine, na kila polisi akinisimamisha kuna mazungumzo ya pesa. Nikipigwa nyumbani nakaa nayo. Siku mpenzi wangu aliponikaba, niliyempigia simu alikuwa mama mwenye kibanda cha samaki. Alinifungia ndani ya kibanda chake, akakaa mlangoni na kisu cha kuparulia mbuta. Hakuniuliza mimi ni nani kwenye karatasi.

@Mama_Kanduyi nimekusoma mara mbili. Sitaki mtu abandike mgongo ukutani kwa sababu yangu. Sauti hii sikuiomba. Lakini nisikilize pia: ukiniambia nianzishe kikundi changu, ni kikundi cha watu watatu tunaojuana, na wawili wanaogopa kutoka nje. Na ile hofu yenu ya mwanamume mlangoni ndiyo hofu yangu. Ni mwanamume yule yule.

#21 BintiBondeni (Nakuru)
Atieno ❤️ baki nasi usiende.

#22 Mama_Kanduyi (Bungoma)
Atieno, nimekusoma. Huyo mama wa mbuta Mungu ambariki. Sijabadilisha nilichosema kuhusu chumba, lakini ningependa ujue ningekufungulia kibanda changu pia.

#23 Wakili_Milimani (Kisumu)
Kuna kesi ambayo kila mtu wa vikundi vya manusura angepaswa kuijua kwa sababu inafanana na hii mno. Kanada, mji wa Vancouver, 1995. Kimberly Nixon, mwanamke transjenda, alikuwa amepigwa na mpenzi wake, akasaidiwa na shirika moja la wanawake. Akataka naye asaidie wengine, akajiunga na mafunzo ya washauri wa kujitolea kwenye shirika jingine, Vancouver Rape Relief. Siku ya kwanza tu mkufunzi alimtambua kwa kumtazama, akamwita kando, akamwambia aondoke. Hoja yao: anayewashauri waliobakwa lazima awe ameishi kama msichana tangu kuzaliwa.

Alishtaki. Mwaka 2002 baraza la haki za binadamu lilimpa ushindi na fidia ya dola 7,500. Mwaka 2003 mahakama ikaifuta, 2005 mahakama ya rufaa ikakubaliana na kufutwa huko ikisema kikundi cha wanaodhulumiwa kina haki ya kuchagua wanachama wake, na 2007 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa kuisikiliza. Miaka 12. Lakini angalieni: katika mji ule ule shirika moja lilimfungulia mlango na jingine likaufunga, na yote mawili yaliitwa ya kifeministi na yote mawili yalihudumia wanawake waliopigwa.

#24 Mama_Kanduyi (Bungoma)
Na Edinburgh? Kule Uskoti kituo cha waliobakwa kiliongozwa na mwanamke transjenda. Mshauri mmoja, Roz Adams, alitaka mteja akiuliza "atakayenisikiliza ni mwanamke?" apewe jibu la kweli. Akaandamwa mpaka akaacha kazi. Mei 2024 baraza la kazi likasema alionewa, na Septemba uchunguzi ukasema kituo kilishindwa kuwalindia wanawake nafasi zao. Mkuu akajiuzulu. Nataka swali hilo liruhusiwe kuulizwa. Nani atanisikiliza? Mwanamke aliyebakwa akiuliza hivyo, asiitwe mbaguzi.

#25 BintiBondeni (Nakuru)
Mama, aulize, na ajibiwe ukweli. Sina shida na hapo. Shida yangu ni pale swali linapogeuka kuwa lango la kumfukuza anayehitaji msaada. Atieno haombi kumshauri mtu, wala yule wa Nyalenda. Wanaomba kiti.

#26 Mkulima_Molo
Uingereza Mahakama yao ya Juu ilimaliza mjadala Aprili 2025. Mwanamke ni wa kuzaliwa. Kwisha.

#27 Wakili_Milimani (Kisumu)
Majaji watano walikubaliana, hilo ni kweli, tarehe 16 Aprili. Walichokuwa wakifafanua ni maana ya neno mwanamke ndani ya Sheria ya Usawa ya Uingereza ya 2010, hata kwa mwenye cheti cha kubadili jinsia cha sheria ya 2004. Na hukumu hiyo hiyo ilisema transjenda bado wanalindwa dhidi ya ubaguzi. Kenya hatuna sheria hiyo, hatuna cheti hicho. Mzee wangu Molo, asubuhi ulisema tusifuate wazungu.

#28 Mkulima_Molo
Wakili we! Nimekubali pigo 😂 Lakini hata kabla yao nilikuwa najua.

#29 Chebet_Kapsabet
Mimi ningependa tuseme juu ya kulelewa. Chimamanda Ngozi Adichie, mwandishi wa Nigeria, aliulizwa 2017 kwenye televisheni ya Uingereza kama wanawake transjenda ni wanawake, akajibu kwamba wanawake transjenda ni wanawake transjenda, maana aliyeishi kwanza na upendeleo ambao dunia huwapa wanaume hakupitia aliyopitia msichana. Alishambuliwa vikali. Mimi nikiwa darasa la sita nilikosa shule siku za hedhi kwa sababu ya kitambaa. Kaka yangu hakukosa. Nikiwa mkubwa kaka alipewa shamba. Sioni vibaya kusema kuna maisha hayo na yana jina.

#30 Atieno_wa_Dunga
Nilisema natoka, nimerudi kwa hili tu. Chebet, mimi sikuwahi kuonja upendeleo huo. Nilipokuwa darasa la sita walinipiga kila siku kwa sababu natembea kama msichana. Baba alinichapa ili niwe mwanamume, wavulana walinifanyia mambo ambayo siandiki hapa kwa sababu niko kama msichana. Kaka yangu naye alipewa shamba, mimi nilifukuzwa. Hedhi sijui, na sitajifanya kuijua. Lakini usiseme nilikuwa upande wa wenye fimbo.

#31 Chebet_Kapsabet
Nimekusikia dada. Bado nafikiri ni maisha mawili tofauti. Lakini la shamba limenigusa.

#32 Omosh_Kondele
Amemwita dada 👀

#33 Chebet_Kapsabet
Ndiyo nimemwita dada, na kwetu tumefundishwa adabu. Endelea na mpira wako.

#34 Auma_Manyatta (Kisumu)
Mnasahau pesa. Miaka mingi nimekuwa mratibu wa miradi ya wanawake. Wafadhili walikuja na fomu: mna transjenda wangapi? Vikundi vikaandika wapo hata kama hawapo, kwa sababu bila hiyo hakuna ruzuku. Kisha Januari 2025 Marekani ikasitisha misaada, na ghafla maneno yale yale yakawa sumu, watu wakayafuta kwenye ripoti. Akina mama wa mtaani waliona haya yote. Wengi wanaokataa leo hawamkatai huyo binti. Wamechoka kuambiwa na mtu aliye mbali nani ni mwanamke na nani si mwanamke, mwaka huu hivi, mwaka ujao vile. Ugomvi huu ungekuwa nusu kama vikundi vingekuwa na vyumba viwili na mshauri mwingine mmoja. Tunang'ang'ania mkeka mdogo.

#35 Mwalimu_Lurambi (Kakamega)
Sikubaliani kwamba ni pesa. Hata tungekuwa na vyumba kumi, bado swali lingekuwa analazwa kipi. Na wanasiasa wanajua hilo. Tangu Kaluma alete ule Mswada wa Kulinda Familia 2023, kila mkutano wa matanga mtu anasimama kuzungumzia mashoga badala ya barabara. Hofu ya akina mama inatumiwa na wanaume ambao hawajawahi kuuliza kwa nini Bungoma ni asilimia 62.

#36 Mama_Kanduyi (Bungoma)
Hapo Mwalimu nakubali kila neno. Wakitunyamazia tukipigwa, wasijifanye walinzi wetu leo. Hofu yangu ni yangu. Sijamkopesha mheshimiwa yeyote.

#37 Mchungaji_Kakamega
Je, kanisa lililowapa chumba linajua? Muwe waangalifu msije mkapoteza chumba chote.

#38 Nyar_Nyalenda (Kisumu)
Asanteni sana, nimesoma yote hadi usiku. @Mchungaji_Kakamega mzee wa kanisa anajua, amesema hilo ni letu, yeye anataka tu tufagie tukimaliza.

Mapendekezo yako matatu sasa. Kwanza, apokewe kikamilifu. Pili, mkutano wa Jumamosi ubaki kama ulivyo, na mimi pamoja na wengine wawili waliojitolea tuketi naye Jumatano, chumba hicho hicho, na aingie kwenye chama cha mia mbili kama mwanachama. Tatu, asipokewe ila tumsaidie kufuata kesi chini ya Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015. Mwenyekiti anataka kura ya kuinua mikono. Mimi nataka ya siri.

#39 BintiBondeni (Nakuru)
Hilo la pili ni kumweka kando kwa upole.

#40 Muuguzi_Naks (Nakuru)
Au ni kumpa kitu wiki hii badala ya hoja. Mkono uliovunjika haungoji tuafikiane. Na mwambieni kuna 1195, namba ya bure ya dhuluma za kijinsia. Apige akiwa na mtu kando yake.

#41 Mama_Kanduyi (Bungoma)
Kura ya siri. Ya mikono itawaumbua wanaoogopa na wanaotaka kumpokea pia. Na msimpigie kura kabla hamjamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Labda Jumamosi haitaki.

#42 Auma_Manyatta (Kisumu)
Angalieni na cheti cha usajili. Kama kikundi kimesajiliwa ni cha wanawake na mnaomba mkopo wa Hazina ya Wanawake, kuna siku vitambulisho vitakaguliwa, na chake kinasema mwanamume. Liamueni sasa, msije mkamgeuzia kisogo mbele ya karani.

#43 Wakili_Milimani (Kisumu)
Hoja nzuri Auma. Vikundi vya kijamii siku hizi vinaongozwa na sheria ya usajili ya 2022, na katiba yenu ndiyo inayosema nani anaweza kuwa mwanachama. @Nyar_Nyalenda nipigie picha kifungu cha uanachama na kile cha kura, ficha majina, nitumie kabla ya Ijumaa. Kama kinasema "mwanamke" bila maelezo, mna nafasi ya kuamua wenyewe. Kama kinataja kitambulisho, itabidi mkirekebishe kwanza, na marekebisho huwa yana akidi yake. Sidai chochote kwa kazi hiyo.

#44 Nyar_Nyalenda (Kisumu)
Nitakutumia kesho asubuhi, daftari liko kwa mweka hazina.

#45 Nekesa_Mumias
Samahani kuingilia, nimefika sasa hivi. Mimi ni matroni wa bweni. Tuna mtoto wa kidato cha kwanza, huntha, amesajiliwa msichana, na wazazi wa wengine wameanza kupiga simu. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaja mtoto huntha, hilo najua, lakini suala la mabafu nalifanyaje? Mabafu yetu hayana milango.

#46 Muuguzi_Naks (Nakuru)
Nekesa, fungua uzi wako, hilo ni jambo jingine na huyo mtoto asichanganywe na ubishi huu. Usitaje shule wala kijiji. Nakuja huko sasa hivi. Na milango wekeni, iwe kwa watoto wote.